Chita kwa Mama

Nilipoletwa Ifakara kuwa fundi wa mawasiliano, saketi zetu, yaani njia za kupitisha simu na data kutoka mnara hadi mnara, zilikuwa na majina ya hovyo. Moja iliitwa "Namawala kwa Fundi Baiskeli". Nyingine "Chita kwa Mama". Fundi aliyenitangulia alizibatiza kwa kijiji na mtu anayekaa karibu na mnara. Jamani, ndiyo kazi hiyo? Njia ikikatika, makao makuu hawaelewi ni ipi mpaka wanipigie mimi.

Nami nampigia mama wa Chita, mlinzi wa mnara, kwa simu ya mnarani inayopokea tu.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Umekula?"

Lazima kwanza nimwambie nimekula nini, ndipo aende kuangalia betri. Sikuwa na ndugu hata mmoja Ifakara. Wiki nzima, ni yeye tu aliyeniuliza.

Lakini majina yale yaliniudhi. Nikajifungia na daftari chumbani kwangu, mtaa wa Lumemo, nikatunga utaratibu mpya: herufi tatu za kila kituo, kisha namba. Majina ya watu marufuku, maana watu huhama. Chita kwa Mama ikawa IFA-CHT-04. Makao makuu wakanisifu, nikavimba kichwa. Sasa wakiona namba wanajua mnara, wanapiga huko wenyewe.

Simu yangu ikanyamaza. Mwanzoni nilisema afadhali, nipumzike. Baadaye nikawa nakula wali peke yangu huku naitazama. Ningempigia kumsalimia tu, nani angenikataza? Ila nilizoea kupiga kwa sababu ya kazi, na sababu nilishaifuta mwenyewe. Nikawa nasema nitapiga wiki ijayo. Mjinga mimi.

Masika yalipoisha nikatumwa Chita kubadilisha betri. Getini nikamkuta mlinzi mwingine, mzee wa makamo. Nikamuuliza mama yuko wapi.

"Tulimzika mwezi uliopita," alisema. Akaniangalia. "Wewe ndiye yule wa Ifakara?"

"Mimi ndiye."

"Alikutafuta sana. Kila makao makuu wakipiga, anawauliza, 'Mwanangu wa Ifakara amekula?' Wanamwambia, 'Mama, hapa hatuna mtu huyo, angalia betri.'"

Nikaingia ndani nikabadilisha betri. Nililia waziwazi, na yule mzee akanisubiri mlangoni.

Nilipomaliza akaniuliza kama nimekula. Nikamwambia bado.