Ctrl na S

Mimi ni fundi wa kompyuta hapa Goma, na kisa hiki bado kinanitia haya. Nilikuwa narekebisha kwa mbali, kupitia dirisha la amri lenye maandishi matupu, mashini ya ofisi yetu ya mpakani Bunagana. Kwa mazoea nikabonyeza Ctrl na S ili kuhifadhi kazi, skrini yangu ikaganda.

Nikampigia Mama Kavira, karani wa kule. "Mama, zima mashini, uiwashe tena."

"Papa, sijahifadhi kazi, na bashofere ba malori banangoja."

"Zima tu, imekufa."

Akazima, na kazi yake ya asubuhi nzima ikapotea. Nikaingia tena, nikabonyeza vilevile, ikaganda tena. Sikujiuliza hata kidogo kuhusu vidole vyangu. Mwenzangu Muhindo, aliyekaa kando yangu, akainamia kibodi yangu, akabonyeza Ctrl na Q, maandishi yakatiririka.

"Katika dirisha hili Ctrl na S haihifadhi, inasimamisha maandishi ya skrini yako tu, na Q inayaachilia," akasema. "Mashini haina shida."

Simu ilikuwa bado wazi. Mama Kavira akauliza taratibu, "Papa, kumbe haikukufa?"