Ziada Ndani ya Mshono

Binti yangu watu wanamwita Saa. Alipokuwa na miaka kumi na tisa walimpasua wakamwekea vali ya chuma kwenye moyo, na ukikaa naye mahali penye utulivu unaisikia: ti, ti, ti. Wateja ndio walioanza utani huo, naye akaupokea. "Fundi mwenye saa kifuani," huwaambia, "halafu mnasema nachelewesha nguo."

Tunashona pamoja kwenye chumba cha mbele cha nyumba yangu, cherehani mbili zikitazamana. Saa ya ukutani niliitoa betri zamani. Sikutaka sauti mbili. Akinyamaza, nasikiliza. Akijinyoosha kochini mchana, nasikiliza.

Mdogo wangu alikuwa na moyo mbovu vilevile, enzi ambazo hatukujua hata kuuliza. Akashika mimba. Mimi ndiye niliyemshonea gauni la kijani, nikaacha ndani ya mshono ziada ya vidole vitatu kila ubavu, tuwe tunaifumua kidogokidogo kadiri tumbo linavyokua. Alifariki mimba ikiwa ya miezi saba. Ziada iliyobaki haikufumuliwa. Mpaka leo, nikipitisha mkono ndani ya gauni la mtu nikakuta kitambaa kingi, vidole vinanipoa.

Mwaka huu Saa akasema anataka mtoto. Tulikwenda kliniki watu watatu: yeye, mumewe ambaye ni fundi wa majokofu, na mimi ambaye sikualikwa. Daktari, mama wa rika langu, hakuzungushazungusha maneno.

"Vidonge vyako vinazuia damu isigande kwenye vali, lakini vinaweza kumdhuru mtoto, hasa miezi ya mwanzo. Tunaweza kukuhamishia kwenye sindano. Hizo hazimfikii mtoto, ila hatari kwa vali inaongezeka. Njia isiyo na hatari sina."

"Ingekuwa wewe?" Saa akauliza.

"Ningeogopa. Zaidi ya hapo sijui."

Mkwe wangu alikuwa anakunjakunja kofia yake. "Mimi nilimuoa yeye," alisema. "Huyo mwingine simjui bado."

"Mimi nimeanza kumjua," Saa akasema.

Vidonge vyake huviacha kwangu, kwenye kopo juu ya rafu ya nyuzi, humeza kimoja jioni kabla ya kwenda kwake. Nikaanza kuvihesabu. Kila siku kimepungua kimoja. Nikajiambia, maadamu anameza, hajaamua.

Siku moja alitoka kununua zipu. Nyuma ya mlango lilikuwa limetundikwa gauni jipya la bluu, saizi yake. Nikapitisha mkono ndani. Vidole vitatu, kila ubavu.

Sikufikiri. Nilichukua mkasi nikaikata ziada yote, nikabakiza upana wa ukucha ili mshono usifumuke. Nilikata vizuri, kwa mstari ulionyooka. Vipande nikavitia kwenye mfuko wa mabaki ya vitambaa. Aliporudi nikamuuliza zipu ni rangi gani.

Wiki mbili baadaye alilishusha gauni, akaligeuza, akachukua wembe wa kufumulia. Mkono ukasimama.

"Mama, hapa palikatwa."

"Nilikata mimi."

Hakuinua sauti. Alililaza gauni mapajani kama mtu anayembembeleza mgonjwa. "Mimba ina miezi mitatu sasa," alisema.

"Mbona vidonge vinapungua?"

Alinyoosha mkono kwenye kopo la vifungo akalitikisa, kisha akamimina mezani. Katikati ya vifungo vilikuwa vidonge vyote nilivyohesabu kuwa amemeza. "Niliviacha kwa mpango wa daktari. Nachoma sindano asubuhi na jioni, mume wangu ananisaidia. Kila wiki napimwa. Nilijua unahesabu, mama."

"Ungeniambia."

"Ungenitazama hivyo unavyonitazama sasa. Ukinitazama hivi, namwona mama mdogo, na sitaki kumwona. Nimeshamwogopa vya kutosha."

Nilitaka kusema mengi. Kwamba mama mdogo wake naye alijiamini hivihivi. Kwamba mimi nina mtoto mmoja tu. Nikamtazama tumboni na hapakuwa na kitu cha kuona bado, ila alikuwa ameweka mkono pale, kwa namna ambayo sikuhitaji kuambiwa.

Nikamwaga mfuko wa mabaki sakafuni. Vipande vya bluu vilikuwa vyembamba mno, lakini kwenye furushi lake kulibaki mita ya kitambaa kilekile. Nikapima, nikakata vipande viwili virefu vya kuingiza ubavuni. Vidole vinne safari hii. Mikono ilikuwa baridi, chaki ikaanguka mara mbili.

Akarudi kwenye cherehani yake, akanipa mgongo. Nikashona. Kila nikifika mwisho wa mshono nilisimamisha gurudumu kwa kiganja, nikashusha pumzi polepole, nisikilize.

"Ipo, mama," akasema bila kugeuka. "Shona."