Gari la Chekalini Lilivyorudi Bila Sauti Yake

Nilipokuwa shule ya msingi pale Lurambi, kulikuwa na gari moja ambalo likipita mwalimu alinyamaza, akashika chaki yake, akangoja. Hakuwa na la kufanya. Hata angepaza sauti, tusingemsikia.

Lilikuwa gari la Kimarekani, jekundu, la milango miwili, lenye boneti ndefu kuliko kitanda cha mama yangu, na chini ya boneti hiyo injini ya silinda nane. Mwenyewe alikuwa mkulima mkubwa wa mahindi huko Chekalini, upande wa Lugari, aliyelinunua kutoka kwa Mzungu aliyekuwa akifunga virago. Kila siku ya soko aliteremka nalo kutoka upande wa Malava kuja mjini Kakamega. Mngurumo ulitangulia mbali sana, ukapita chini ya miguu yetu darasani kabla hatujaona hata vumbi. Wavulana walirukia madirishani. Nami nilirukia, nikachapwa peke yangu, kwa kuwa nilikuwa msichana.

Sauti hiyo ndiyo iliyonifanya nipende magari. Nilipokua nikapata kazi katika duka la spea mjini, nikabaki hapo hadi wenye magari wakawa wananiuliza mimi kabla ya kumuuliza fundi. Miaka ya tisini ilipoingia, kulikuwa na benchi mbele ya duka letu ambalo kila Jumamosi alasiri lilikuwa na wenyewe. Mmoja alikuwa mzee aliyestaafu baada ya kuendesha matrekta na malori ya miwa maisha yake yote. Wa pili alikuwa mfanyabiashara wa vitambaa kutoka Mumias, Mwislamu mpole, asiye na ubaya na mtu isipokuwa na gari lililotiwa mafuta machafu. Mimi nilikuwa wa tatu, nikiingia na kutoka kati ya benchi na kaunta.

Tulizungumza magari mengi, lakini mazungumzo yaliishia Chekalini. Lile gari lilikuwa limenyamaza zamani. Mwenyewe aliugua, akafariki, na habari zilizotufikia ni kwamba kuku walikuwa wanataga kwenye viti vyake. Mzee dereva alikuwa anasema jambo hilo kama mtu anayetaja kaburi lililoachwa bila kupaliliwa.

Jumamosi moja yule wa Mumias alifika akihema, akasahau hata kuketi.

"Asalaam aleikum! Jamani, limefufuka!"

"Nini?" mzee akauliza.

"Gari la Chekalini! Binti wa marehemu amelitengeneza. Nimeambiwa wiki ijayo analileta mjini, siku ya soko."

Mzee akavua kofia, akaitazama ndani kana kwamba kuna kitu alikuwa ameweka humo. "Sitakufa kabla sijalisikia," akasema.

Wiki ile sikuuza vizuri. Wateja waliomba plagi nikawapa pedi za breki. Siku ilipofika tukakubaliana kulingojea Lurambi, kando ya barabara, karibu na shule yangu ya zamani, mahali ambapo sauti ingetufikia ikiwa bado nzima. Hatukuwa peke yetu. Wanaume na wanawake wa rika langu walikuwa wamekuja wakiwa wamevaa vizuri, mafundi wakaja na mafuta mikononi, na kila mmoja alikuwa ananyamazisha mwenzake. "Shhh! Sikilizeni upande wa Malava!"

Tukasikiliza. Tukasikia ng'ombe, tukasikia baiskeli, tukasikia mtu akipasua kuni.

Kisha likatokea. Jekundu, linang'aa, boneti ile ile ndefu, linakata kona mbele ya macho yetu, na masikio yetu yalikuwa bado matupu. Lilipokaribia ndipo tukasikia: ko-ko-ko-ko-ko. Mlio wa mashine ya kusagia mahindi. Moshi mweusi ukatoka nyuma.

Hakuna aliyepiga makofi. Fundi mmoja aliyekuwa ameinua mkono ili apunge aliuacha hapo hapo hewani. Mzee dereva akaketi chini kwenye nyasi, na suruali yake nyeupe.

Gari likasimama. Akashuka mwanamke wa makamo, kitambaa kichwani, anatabasamu kwa watu wote wale. Nadhani alifikiri tumekuja kumpongeza.

"Mama," mfanyabiashara akamwuliza kwa sauti ndogo, "injini iko wapi?"

"Ya zamani ilipasuka. Fundi akatia ya pikapu. Ya dizeli."

"Ilipasuka wapi?"

"Mimi najuaje? Ilipasuka tu."

"Umemfufua maiti ukamtia roho ya mtu mwingine!" Sijawahi kumsikia akipandisha sauti namna ile, kabla wala baada.

Tabasamu la yule mama likafungwa kama mlango. "Gari ni ya kutembea, ndugu yangu," akasema. Akaingia, akaondoka, na ile ko-ko-ko ikatuacha tumesimama.

Jumamosi zilizofuata benchi letu lilikuwa kama matanga. Mzee alisema afadhali kuku wangeachiwa viti vyao. Mimi niliuliza maswali ya kitaalamu, injini ilipasuka kwenye bloku au kwenye kichwa, kama vile jibu lingesaidia.

Halafu likaja la pili. Mfanyabiashara alikuwa amekwenda Malinya kutazama mafahali wakipigana. Wakati fahali mmoja anaingizwa uwanjani na watu wanapuliza filimbi, alisikia kitu nyuma ya kilima. Aliacha fahali, akaacha jamaa aliokuja nao, akaja mpaka dukani kwangu na matope mpaka magotini.

"Dada, funga duka. Twende. Sitaki kukuambia, utasema nimepagawa."

Tukampitia mzee, tukaenda kwa pikapu ya mzee huyo. Tulipozima mbele ya vishamba vya Malinya nikausikia. Nilikuwa mtu mzima, mama wa watoto, lakini miguu yangu iliukumbuka kabla yangu. Mngurumo ule ule, mzito, ukitoka ardhini.

Tukafuata sauti mpaka kwenye machimbo ya dhahabu. Na pale, juu ya magogo mawili, imefungwa kwa mnyororo, ilikuwa injini ya silinda nane, imeunganishwa na pipa la maji ya kuipoza na pampu inayovuta maji kutoka kwenye shimo. Ilikuwa imejaa udongo mwekundu. Ilikuwa inafanya kazi bila kukohoa hata mara moja.

Mzee akamshika mkono mchimbaji aliyekuwa karibu. "Hii mlitoa wapi?"

"Kwa mama fulani wa Lugari."

"Ilikuwa imepasuka?"

Mchimbaji akacheka. "Mzee, unaiona imepasuka? Haijatusumbuanga hata siku moja. Inakunywa petroli tu kama mlevi."

Mtu anaweza kuzika ndugu, halafu amkute mahali akipasua mawe? Tulirudi kwenye pikapu tumekasirika, na hasira ilikuwa kwa fundi. Ilikuwa wazi kwamba mama yule ameibiwa. Fundi amemdanganya, akatoa injini nzima, akamtilia takataka. Lazima aambiwe.

Siku tuliyokwenda Chekalini, mahindi yalikuwa yamevunwa. Binti wa marehemu alitukaribisha bila kinyongo, akatuletea chai na viazi vitamu. Kando ya mlango mama yake, mkongwe, alikuwa anapukuchua mahindi kwenye ungo. Gari lilikuwa chini ya mti, safi kabisa.

Mzee dereva ndiye aliyeanza. "Mwanangu, tumekuja na habari ngumu. Injini ya baba yako ni nzima. Tumeiona kwa macho yetu. Fundi amekuchezea." Na kwa kuwa alipenda sana alichokuwa anasimulia, na kwa kuwa maneno hayakumtosha, alifunga macho, akavimbisha kifua, akautoa mngurumo wenyewe kwa koo lake. Aliujua vizuri. Uliinuka, ukashuka kama gari linapobadilisha gia, ukainuka tena.

Gunzi likaanguka. Yule mkongwe alikuwa amesimama. Sikujua kama angeweza kusimama haraka vile. Aliangalia barabara, akaangalia huku na huku kama anayehesabu watoto, kisha akaingia shambani kati ya mabua makavu, akienda upesi, bila viatu.

"Mama!" binti akaita. Akamkimbilia. Tuliona vitambaa vyao viwili juu ya mabua, vimesimama pamoja kwa muda mrefu. Mzee dereva alibaki ameshika kikombe, mdomo wazi.

Binti alipomrudisha mama yake na kumlaza ndani, alikuja akaketi mbele yetu.

"Injini haikupasuka," akasema. "Niliuza mwenyewe. Fundi hakuniibia kitu."

Akatazama mlango wa chumba alimomlaza mama yake.

"Nyinyi mlikuwa mnasikianga raha. Sisi tulikuwa tunasikia baba anakuja, na amekunywa. Ile sauti ikifika kwa daraja, mama alikuwa ashatukusanya. Tulikuwa tunalala huko kwa mahindi. Kama si msimu wa mahindi, mahali pa kujificha hakuna." Akafuta meza ambayo haikuwa na uchafu. "Gari lenyewe nalipenda. Ni zuri. Nilitaka kulipanda na mama yangu, twende nalo kanisani. Lakini si kwa ile sauti."

Nilirudisha kiazi kwenye sahani. Miaka yote ile darasani, nikirukia dirishani! Sauti iliyonifungulia maisha ndiyo iliyowafukuza watoto wenzangu vitandani mwao, na ilikuwa sauti moja, siku moja, barabara moja. Hata leo sijui niweke wapi mambo hayo mawili.

Mfanyabiashara wa Mumias aliinama. "Nilikutukana mbele za watu, dada. Nisamehe."

"Hukujua," akasema.

Mzee dereva alikuwa akilitazama gari tangu yule mkongwe aliporudishwa kutoka shambani. Mwishowe akaweka kikombe chini, akakohoa.

"Hii ya dizeli," akauliza, "mlima inapandaje?"

Mwanamke akamtazama ili ajue kama anamdhihaki. Mzee hakuwa anadhihaki. Alikuwa ameshasimama.

"Polepole," mwanamke akasema. "Lakini haijaniachanga njiani."

"Na gia? Ni zile zile?"

"Hapana. Tulibadilisha zote. Njoo uone."

Wakaenda pamoja chini ya mti. Mwanamke alifungua boneti ile ndefu, na sisi wawili tukawafuata, tukainamisha vichwa ndani. Injini ya pikapu ilionekana ndogo sana mle, kama mtu mmoja katika kanisa tupu, lakini mabomba yalikuwa yamefungwa vizuri na hakukuwa na tone la mafuta lililovuja. Mfanyabiashara alimwambia hivyo. Mwanamke akaanza kutueleza jinsi walivyokata vishikizo vya injini ili ikae sawa, mikono yake ikionyesha, na sauti yake ikaongezeka kadiri alivyoendelea.