Herufi Thelathini na Sita

Nilisikia wembe kabla sijamwona shangazi. Unakwaruza, unanyamaza, unakwaruza tena: alikuwa nyuma ya pazia la ukumbini akichonga penseli. Hajawahi kutumia kichongeo. Husema kichongeo kinakula mti na kuacha ncha butu, na mwenye ncha butu asijisumbue kuandika mafumbo.

"Shangazi, nina ombi," nilisema, begi bado liko kizingitini na simu iko mkononi. "Kubwa. Usinikatalie kabla hujanisikiliza."

Wembe ukanyamaza.

"Hata maji hujanywa."

"Maji baadaye."

Nilivuta pazia, nikaketi mkekani mbele yake, nikamwaga yote kwa pumzi moja. Riwaya yangu, niliyoihangaikia miaka mitatu, ilikuwa imekwama katikati. Kilichoweza kuiokoa ni kisa chake cha Miono, mambo yaliyompata huko kabla sijazaliwa, ambayo kwetu husemwa nusunusu, sauti ikishushwa. Nilikuwa nimekwisha kuandika sura nne nikikizunguka kisa hicho kama paka anavyozunguka chungu cha moto. Nilitaka ruhusa yake tu. Ndiyo au hapana.

Shangazi alipuliza vumbi la penseli kwenye kiganja.

"Jumamosi nahamia Msata kwa binti yangu," akasema. "Jibu utalipata kabla sijaondoka. Kwa njia yetu."

Njia yetu niliijua. Likizo zote za shule nilizimalizia katika nyumba hiyo ya Bagamoyo, chini ya bati lililoliwa na chumvi, na shangazi, aliyekuwa karani wa masjala, ndiye aliyenifundisha kuficha maneno. Unachagua neno moja, tuseme UKWAJU. Unaliandika mwanzoni, ukiruka herufi iliyokwisha kutokea, kisha unaendelea na herufi zilizobaki za alfabeti kwa mpangilio wake. Juu ya mstari huo unapanga alfabeti ya kawaida. A inakuwa U, B inakuwa K, C inakuwa W, hivyo hivyo hadi mwisho. Neno lile tuliliita ufunguo. Asiyekuwa nalo anaona takataka.

Funguo za shangazi hazikutoka mbali. Alichagua kitu alichoweza kukigusa bila kuinuka: ukwaju, kawa, kibatari. Tena alikuwa na sharti moja. Fumbo ni barua, na barua huanza kwa salamu. Mafumbo yangu yalianza kwa shikamoo, yake yakaanza kwa marahaba. "Maneno yasiyosalimu," alikuwa akisema, "ni mwizi aliyepitia dirishani." Sharti hilo ndilo lililokuwa likiniokoa. Ukizijua herufi nane za mwanzo, nusu ya kazi imekwisha.

Kesho yake, Alhamisi asubuhi, nilikuta karatasi mezani, chini ya kopo la sukari, na wembe umewekwa juu yake isipeperuke. Ilikuwa imechanwa kwenye kalenda ya mwaka jana. Nyuma yake palikuwa na herufi thelathini na sita, zimepangwa tanotano, na ya mwisho imebaki peke yake. Kundi la kwanza lilisomeka TJGLG.

Nilicheka. Nilidhani chai haitapoa kabla sijamaliza.

Nikajaribu marahaba. Katika marahaba herufi ya pili na ya nne ni moja, na hapa zilikuwa J na L. Nikajaribu hujambo, ambayo haina herufi inayorudi mapema hivyo. Salamu ikakataa, habari ikakataa, asalaam ikakataa. Adhuhuri ilipoadhiniwa chai ilikuwa imefanya utando, nami nilikuwa nimechonga penseli mpaka imekuwa kama kipande cha kiberiti.

Alasiri nikaona kitu. Katika TJGLG, ya tatu na ya tano zinafanana. MWANA! Bila shaka ni mwanangu. Nilisimama nikapiga meza kwa furaha, kisha nikaketi polepole. Katika mwanangu, herufi ya sita lazima ifanane na ya nne. Hapa ya nne ilikuwa L na ya sita N.

Niliitazama ile N kama adui. Nikageuza karatasi, nikaishikilia kwenye mwanga wa dirisha. Hatimaye nikafikia uamuzi ambao mpaka leo unanipa aibu.

"Shangazi, umekosea," nilimwambia Ijumaa, nikiwa mlangoni mwa chumba chake. Alikuwa akikunja kanga na kuzipanga sandukuni.

"Mimi?"

"Herufi ya sita tu. Umeteleza kidogo."

Aliendelea kukunja. "Nimeandika majina ya watu tangu msichana, hajarudi hata mmoja kuniambia kaitwa sivyo. Wewe siku ya tatu tu humu ndani, umeshaniona nateleza."

"Basi niambie ufunguo."

"Kosa lipo, mwandishi wetu. Wewe tu hulitazami lilipo."

Niliondoka nikiwa nimefura. Nikalipeleka fumbo kwenye kundi letu la waandishi katika simu, kwa watu ambao hawawezi kuona kiatu kilichotupwa bila kukitungia shairi. Mmoja akasema ufunguo ni GHAIBU. Mwingine, UPWEKE, "kwa sababu mwanamke wa makamo anahama nyumba ya ujana wake." Wa tatu akaliingiza katika programu fulani, ikamtapikia maneno ya Kiingereza yasiyo kichwa wala miguu. Nilizijaribu funguo zao zote, kundi kwa kundi, mpaka vidole vikawa vyeusi kwa risasi ya penseli. Nje harufu ya dagaa wanaokaushwa ilikuwa nzito. Nilimkasirikia shangazi, kisha alfabeti nzima. Mtu mzima anashindwaje kusema ndiyo au hapana? Sura nne zilikuwa kwenye begi zikisubiri neno moja la mama mmoja, naye alikuwa jikoni akinikaangia samaki, akiimba.

Jumamosi asubuhi nikasikia akiita bajaji kwa simu. Kwa hasira nikaitupilia mbali salamu. Liwalo na liwe, ianze inavyotaka. Nikahesabu herufi, jambo ambalo mtoto angelifanya siku ya kwanza. W ilitokea mara tisa, na katika lugha yetu hakuna herufi inayojipenyeza kila mahali kama A. Basi W ni A, na inayosimama badala ya A ndiyo herufi ya kwanza ya ufunguo.

Kitu kinachoanza kwa W. Nikajaribu WIMBI, kwa kuwa mimi ni mimi. Nikajaribu WARIDI, nikajaribu WINO. Penseli ikavunjika. Nikanyoosha mkono bila kutazama, nikauchukua wembe niliokuwa nikichongea tangu Alhamisi.

Nilibaki nimeushika.

W, E, M, B, kisha alfabeti iliyobaki. T ikawa U. J ikawa L. G ikawa I. Ile N niliyoisingizia ikawa O, safi kabisa.

ULINIOMBA MAISHA YANGU KABLA HUJANIAMKIA.

Niliirudia Jumatano kichwani: begi, simu, ombi. Hata dereva wa bajaji siku ile nilimpa shikamoo yake, kwa kuwa alikuwa na mvi. Niliirudia Alhamisi, nilipotoka chumbani nikiuliza penseli. Niliirudia Ijumaa, mlangoni mwake.

Nilimkuta ukumbini, baibui limeshavaliwa, sanduku liko miguuni.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, mwanangu. Hujambo?"

"Sijambo."

"Safari ilikuwaje?"

"Ilikuwa njema," nikasema.

"Nyumbani umewaachaje?"

"Hawajambo. Baba anakusalimu sana."

"Ee! Salamu hizo zimelala njiani siku tatu. Mwambie zimefika." Akarekebisha ushungi wake. "Haya. Sasa omba."

Nikaomba, taratibu safari hii, kwa maneno machache. Alinisikiliza hadi mwisho.

"Hapana," akasema.

"Lakini nimelifumbua, shangazi!"

"Umefumbua fumbo. La Miono si fumbo, ni langu."

"Nina sura nne tayari."

"Ziandike upya. Unataka kisa? Hiki cha kunipita kama nguzo ya umeme, kiandike. Hicho ni chako, sitakudai."

Bajaji ilipiga honi nje. Nilibeba sanduku lake, nikalipakia, nikarudi mlangoni nikiwa na swali moja ambalo ningelimeza kama ningekuwa na akili.

"Ulishaamua kukataa tangu Jumatano?"

Alikuwa akivaa viatu. Hakuinua uso.

"Jumatano nilikuwa sijaamua," akasema.

Akanipa mkono niubusu, akatoka. Mlango wa nyumba ile umevimba kwa unyevu wa bahari, haufungi mpaka uvutwe kwa nguvu. Aliuvuta mara ya kwanza, ukagoma. Akauvuta tena, ukafungika.