Rangi ya Ukungu Iliyonifichua

Leo mama amesoma meseji yangu kwa sauti, nami nimelia kwa furaha na aibu kwa pamoja.

Tangu afanyiwe upasuaji wa mtoto wa jicho, mwanga wa simu ulikuwa unamuumiza. Akaacha kabisa kusoma.

Mchana tumekaa barazani, nyumbani Mgeta, nikawa namjaribishia rangi za skrini kwenye simu yangu.

Nikaweka nyeusi tii, maandishi meupe pe.

"Herufi zinarukaruka, mwanangu."

Nikaweka kijivu.

"Bado zinachoma."

Nikainua macho. Ukungu ulikuwa unashuka mlimani taratibu, na chini yake msitu una ile rangi ambayo si nyeusi, si bluu, kama usingizi unapoanza kukuchukua.

Nikaitafuta hiyo hiyo. Maandishi nikayapa rangi ya maziwa.

Mama akashika simu, akatulia. Macho yake yalilegea, kama mtu aliyeingia kivulini.

Mara meseji ikaingia, jina la mtumaji likiwa juu yake. Akaisoma polepole, neno kwa neno:

"Mpenzi, umeshamwambia mama kuhusu sisi?"

Jamani!

"Mama, umeweza kusoma!"

"Nimeweza. Huyu Hamisi wa Dakawa ni nani?"

Nikanyoosha mkono niichukue simu. (Nyie mngesema nini hapo?)

Simu hakunirudishia. Akaanza kuandika kwa kidole kimoja, anatabasamu peke yake, ukungu umeshafika kwenye migomba yetu.

Nikachungulia begani kwake.

"Njoo Jumamosi, baba. Ni mama yake huyu."

Hamisi ameisoma. Mpaka sasa hajajibu.