Mikia ya Majina

Kompyuta kuukuu ya chama cha kahawa, kubwa kama kabati la nguo, haikupokea jina lenye zaidi ya herufi nane. Mikia yote ya majina ya Kihaya ilibaki kichwani mwa yule mama aliyeiendesha miaka thelathini na kuifuta vumbi kila asubuhi kwa ncha ya kanga yake. Siku ya kuhamishia orodha ya wakulima kwenye mfumo mpya, Avit, fundi wa mfumo huo, alikuta Rutashob wawili akataka kumfuta mmoja.

"Acha, mwanangu," mama akamshika mkono. "Huyu ni Rutashobya wa Kitendaguro. Yule ni Rutashobolwa wa Muleba. Ukimfuta, kahawa yake utaipokea wewe?"

Basi akaanza kutaja mikia, macho ameyafumba, kisigino kikipiga sakafu, sauti ikipanda kama ya mwanakwaya siku ya Pasaka, na Avit akachapa huku akicheka mpaka machozi yakamtoka. Walipofikia jina la mama mwenyewe, naye akiwa mkulima wa chama, alimsogeza fundi pembeni, akaandika la ubatizo, la Kihaya, la baba, la babu, na la ukoo. Kisanduku cha jina kwenye skrini kikajaa.

"Waitu," akamwambia Avit kwa heshima zote za Kihaya, "niongezee nafasi."