Kivuli cha shemeji kwa boss wa nne

Wakuu, salamu kwenu wote. Haya nayaandika bila kuongeza chumvi. Atakayeona ni chai, yaani nimetunga, ruksa.

Nafanya kazi kiwandani Zegereni, naishi Kibaha. Dada yangu ameolewa Kisarawe. Mumewe, shemeji Rajabu, ni afisa kilimo, na ndiye aliyenifundisha gemu.

Gemu yenyewe ni ya mapanga na uchawi, ila ugumu wake hauna mpangilio kabisa. Boss watatu wa kwanza, yaani wale maadui wakubwa wa kila hatua, unawamaliza huku unatafuna mihogo. Wa nne, mama mmoja mrefu asiye na uso, anakuua kwa mapigo mawili. Shemeji alikwama hapo wiki tatu.

Jumapili moja mchana akapata stroke akiwa anacheza. Mkono wa kulia na ulimi vikagoma.

Dada akanipa ile mashine ya gemu. "Iondoe hapa, mdogo wangu. Nilikuwa uani nafua, nasikia mapanga yanalia, nikajua anacheza. Afadhali nilimkuta mapema."

Nikaibeba hadi Kibaha. Jumamosi asubuhi nikaiwasha, nikaendelea na save yake, pale alipoishia.

Sasa hapa muelewe kitu. Gemu hii, ukifa au ukizima katikati ya pambano, inahifadhi kivuli chako. Ukirudi kwa boss unakiona kinarudia kila ulichofanya, na saa inahesabu juu ya kichwa chake.

Nikaingia. Ukumbi umejaa vivuli vya shemeji. Vinaruka, vinakwepa, vinakufa. Nilimjua hata kwa ule mtindo wake wa kurudi nyuma hatua mbili kabla ya kupiga.

Kimoja hakikupigana.

Kilianza vizuri, kisha kikawa kinazunguka kushoto, kushoto tu, mpaka kikagota nyuma ya nguzo. Kikasimama. Boss akawa anakipita, panga lake likilia kwenye nguzo bila kukigusa, maana pale hafiki.

Nikasogea, nikasimama kando yake.

Dakika tano. Kumi na mbili. Thelathini. Ilipofika arobaini na moja kikapotea ghafla. Ndipo dada alipozima.



Yule boss nilimuua siku hiyohiyo, nikimvizia kutoka kwenye ile nguzo. Sikusikia raha yoyote.

Wiki iliyopita nilienda Kisarawe. Shemeji ameanza kutamka maneno. Dada alipoingia jikoni nikamuuliza taratibu, "Shem, siku ile ulikuwa unajua muda unapita?"



"Nilimwita," akasema kwa shida. "Sauti haikutoka."

Kisha akatazama jikoni, akainua mkono wa kushoto, akaweka kidole mdomoni.

Mimi nimenyamaza hadi leo.

Nilichojifunza: mtu wako akiwa chumbani anacheza, usiridhike na kelele za gemu. Mwite jina, na usiondoke mpaka aitike.

Ila wakuu, dada bado anaamini alimkuta mapema. Nyie mngemwambia?